Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa heshima zote. Kazi za kawaida mnazijua: tumezibua mtaro, tumenunua mbegu kwa pamoja, tumetembelewa na afisa ugani mara 3, tumezika wenzetu 2. Sitazirudia.

La taa ndilo nitalisemea kirefu, maana limesemwa sana vijiweni, na waliolisema leo siwaoni ukumbini.

Kamati ilinunua taa ya mionzi ya urujuanimno kwa shilingi 680,000 ya kuua ukungu kwenye matango ya kitalu nyumba chetu cha Bunju. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, majani meupe kana kwamba mtu kayamwagia sembe. Salfa tulipiga, na kwa joto hili la Dar ikatuunguzia majani, kisha ubwiri unga, yaani ukungu huo mweupe, ukarudi vilevile. Aliyehangaika kutafuta njia nyingine ni mwenyekiti wenu, sioni haya kulisema.

Mzee wetu mmoja aliuliza kwa nini tununue mionzi wakati jua tunalo la bure. Swali zuri, ingawa aliuliza kwa kejeli. Mionzi hiyo ina mafungu matatu: A, B na C. Hiyo C, ambayo taa yetu huitoa kwa urefu wa wimbi wa nanomita 254, ikitoka kwenye jua huishia kwenye tabaka la ozoni, haifiki shambani. Halafu ukungu ukijeruhiwa mchana hujitibu: una kimeng'enya kinachotumia mwanga wa bluu kutengeneza vinasaba vilivyoharibika. Ukipigwa usiku, giza likakaa saa kadhaa, hauna cha kujitibia. Ndiyo maana tunapita na taa usiku. Majirani waliosema tunawanga wamepata jibu.

Makosa yapo. Taa ya kwanza, ya 45,000 kutoka Kariakoo, ilikuwa ile ya zambarau ya kupambia disko. Muuzaji alituapia kwa Mungu. Mstari wa pili wa matango uligeuka rangi ya shaba kwa sababu mtu wa zamu alisimama kupokea simu, taa inawaka juu ya miche. Na kijana aliyeamka macho yanawasha kama yamejaa mchanga alikuwa amekatazwa kuitazama. Miwani alipewa, akaivaa kichwani.

Wenye nyanya nao wananilaumu kwamba taa haiwasaidii. Magonjwa ya bakajani na ubwiri vinyoya hujichimbia ndani ya jani, taa haiyafikii. Ubwiri unga hutambaa juu ya jani, ndiyo maana unapatikana. Nililieleza hilo kabla ya kununua, siku ambayo kati ya wanachama 58 walikuja 11.

Ada ya 30,000 wamelipa 19. Tunadai 1,170,000. Baadhi ya tunaowadai ndio wanaouliza fedha ya taa ilitoka wapi. Ilitoka kwenye akiba ya mwaka juzi, na nyingine mfukoni mwangu, ambayo mhazini bado hajanirudishia.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuitengenezea taa kitoroli, na hali ikiruhusu tutaongeza ya pili.

Zamu ya Jumamosi usiku haina mtu. Miwani iko kwa mtunza stoo.

Mwenyekiti