Stelingi aliyepangiwa kila kitu bado ana lake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba hadithi ambayo mwisho wake umeshapangwa haina maana kuisoma, eti stelingi anakuwa karagosi tu, sasa unamhurumia wa nini.

Mimi napinga. Mchukue Oedipus wa tamthilia ya yule Mgiriki Sophocles. Jamaa kaambiwa kule Delphi, kwenye hekalu la utabiri, kwamba atamuua baba yake na atamuoa mama yake, akasema basi Corinth sirudi tena maana ndiko waliko wazazi (anaodhani ndio wazazi), akakimbia, njia panda akagombana na mzee mmoja akamuua (kumbe ndiye baba yake), akafika Thebes akategua kitendawili cha zimwi Sphinx akapewa ufalme na mjane wa mfalme (kumbe ndiye mama yake). Kwisha habari. Huko kukimbia ndiko kulikompeleka kulekule. Hapo nakubali, hakuwa na ujanja.

Ila hayo yote yalishapita kabla tamthilia haijaanza! Tunachokiona jukwaani ni mtu anayechunguza nani alimuua mfalme aliyemtangulia, na karibu kila anayemuuliza anamwambia acha bwana. Tiresias, yule nabii kipofu, anagoma kusema mpaka atukanwe, Jocasta, yule mjane aliyemuoa, anamsihi asiendelee, mchungaji mzee anaomba asiulizwe zaidi, na mwenyewe anajua kabisa akiuliza swali moja tena ameumia, na bado anauliza. Utabiri wa Delphi ulisema atauliza? Wapi. Ulisema ataua na ataoa, basi. Hayo maswali ni yake. Na akishajitoboa macho, wazee wa mji wanataka kujua mungu gani kamsukuma, anawajibu kwamba mateso kayaleta Apollo ila mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Kwangu mimi jibu hilo lina uhuru kuliko zile muvi ambazo stelingi anatoroka mwishoni muziki unapigwa, maana huyo wa muvi mlango wa kutokea alikuwa nao.

Halafu kuna Augusto Pérez wa Mhispania Unamuno, kitabu cha 1914, huyu ndiyo kiboko. Anataka kujiua, anafunga safari hadi Salamanca kwa mwandishi wake, mwandishi anamwambia huwezi kujiua kwa sababu wewe hupo, nimekutunga mimi. Augusto anabisha, wanabishana weee mpaka mwandishi anakasirika anasema sasa nakuua mimi, na hapohapo jamaa aliyekuja kutaka kufa anaanza kulilia kuishi. Akikataliwa anamgeuzia kibao, kwamba na wewe utakufa, na wote watakaoisoma habari yangu watakufa. Akarudi nyumbani akafa kweli, mwandishi akapata alichotaka, ila hoja hiyo sijaona alipoijibu.