Watengenezaji wa vifaa watoe maelezo ya viendeshi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie programu ambazo watumiaji wengi wa kompyuta hawazioni, yaani viendeshi vya vifaa. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows, haujui kila printa inavyofanya kazi. Mfumo huo huhitaji kiendeshi kinachogeuza ombi la jumla, kama vile kuchapa ukurasa, kuwa amri ambazo printa hiyo inazielewa. Kifaa cha USB kinapochomekwa hujitambulisha kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya bidhaa, na kwa namba hizo mfumo hutafuta kiendeshi kinachofaa. Kadi ya mtandao nayo, ikipokea data, hutuma ishara ya kukatiza, na kichakataji husimamisha kwa muda kazi yake ili kuihudumia.

Viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, mahali ambapo kosa moja huweza kuzima kompyuta nzima. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike, lililosomwa na kiendeshi cha namna hiyo, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5.

Linalonisikitisha zaidi ni vifaa vizima kutupwa kwa sababu tu mtengenezaji ameacha kutoa kiendeshi cha mfumo mpya. Watengenezaji wachapishe maelezo kamili ya namna ya kuwasiliana na vifaa vyao, ili waandaaji programu wengine, wakiwemo wa mfumo endeshi huria wa Linux, waweze kuviandikia viendeshi bila kubahatisha.

Msomaji wako