Tusiharakishe kuwatangaza mapapa kuwa watakatifu

Ndugu Mhariri,

Tangu Papa Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, malumbano katika vikundi vya Wakatoliki vya WhatsApp hayajakoma. Wapo wanaotaka atangazwe mtakatifu upesi. Wengine wanawajibu kwa kutuma picha za Benedikto XVI, ambaye siku ya mazishi yake, Januari 2023, waumini waliinua mabango uwanjani pa Mtakatifu Petro wakidai atangazwe mara moja. Mapapa hawa wote wawili nawapenda na nawaombea. Ombi langu ni kwamba Kanisa lirudishe muda mrefu wa kusubiri, walau kwa mapapa, na lifanye hivyo kabla mwaka 2027 haujaisha.

Nautaja mwaka huo kwa sababu. Kwa taratibu za sasa, mchakato wa kumtangaza mtu mtakatifu unaweza kufunguliwa ikishapita miaka 5 tangu mtu afariki. Wa Benedikto basi unaweza kuanza mwishoni mwa 2027, na wa Fransisko Aprili 2030. Benedikto ndiye aliyeifungulia njia Misa ya kale ya Kilatini Julai 2007, na Fransisko ndiye aliyeibana Julai 2021. Wahafidhina watamsukuma wa kwao, wapenda mageuzi watamsukuma wa kwao, na mtakatifu atageuzwa bendera ya kambi.

Zamani mambo hayakwenda mbio hivi. Pio V alitangazwa mtakatifu mwaka 1712, miaka 140 baada ya kifo chake, na hakuna papa mwingine aliyetangazwa hadi Pio X mwaka 1954. Linganisha na siku zetu: kati ya mapapa wanne waliofuatana kuanzia Yohane XXIII hadi Yohane Paulo II, watatu ni watakatifu, na wa nne, Yohane Paulo I, ni mwenyeheri, yaani ngazi moja chini ya mtakatifu, tangu Septemba 2022. Sikatai kwamba Mungu anaweza kulijalia Kanisa wachungaji watakatifu mfululizo. Ninachojua ni kwamba mwaka 1983 Yohane Paulo II alibadili taratibu zenyewe. Miujiza inayotakiwa ilipunguzwa. Kusubiri miaka 50 kabla ya fadhila za marehemu kujadiliwa Roma kuliondolewa. Yule ofisa ambaye tangu karne ya 16 kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro za anayependekezwa, aliyeitwa na watu wakili wa shetani, alibakiziwa jina na kunyang'anywa meno. Yohane Paulo II mwenyewe akatangaza watakatifu 482, wengi kuliko waliotangazwa na mapapa wa karne nne zilizomtangulia wakijumlishwa pamoja.

Mageuzi hayo yalikuwa na nia njema, kwa kuwa yalitaka walei na mataifa machanga nayo yapate watakatifu wao. Kwa mapapa yamezaa desturi ya kugawa sawa. Septemba 2000 Pio IX, adui mkubwa wa fikra mpya za karne ya 19, alitangazwa mwenyeheri siku moja na Yohane XXIII aliyeitisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wa dunia nzima ulioleta mageuzi Kanisani. Aprili 2014 Yohane XXIII akatangazwa mtakatifu siku moja na Yohane Paulo II, naye Yohane XXIII akasamehewa muujiza wa pili. Waumini wengi waliona kila upande umepewa wake. Hilo linaniumiza, maana altare si mahali pa kusuluhishia wanasiasa.

Tena watu hawa hawaingii katika masanduku tunayowatengenezea! Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Dakar, alianzisha mwaka 1970 udugu wa mapadre uliokuja kuyapinga mageuzi ya Mtaguso, akaupa jina la Pio X. Ni kweli Pio X aliwabana wanateolojia wa fikra mpya. Lakini ni yeye aliyeruhusu mwaka 1910 watoto wa miaka kama 7 wapokee Ekaristi, wakati mahali pengi walikuwa wakingoja hadi miaka 12 au zaidi. Watoto wetu wanaovaa nguo nyeupe siku ya Komunyo ya Kwanza wanafaidi mageuzi yake. Yohane XXIII naye alitia saini Februari 1962 hati ya kuhimiza Kilatini katika seminari, miezi michache kabla ya kufungua Mtaguso, na misale, yaani kitabu cha sala za Misa, ambayo wapenda Misa ya kale wanaishikilia hadi leo ni ile aliyoitoa yeye mwaka huohuo.

Na Paulo VI? Mwaka 1968 aliwakasirisha wapenda mageuzi alipokataza vidonge vya uzazi wa mpango, na mwaka uliofuata akawakasirisha wahafidhina kwa kutoa misale mpya. Mashahidi 22 wa Uganda aliwatangaza watakatifu Oktoba 1964, Mtaguso ukiwa bado unaendelea, na hakuacha kuwataja Waanglikana waliokufa pamoja nao. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe Kampala na kutuambia Waafrika kwamba tunaweza, na tena tunapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Anayepiga ngoma kwenye Misa na anayetetea mafundisho ya ndoa wote wanamdai Paulo VI kuwa wao, na wote wana haki.

Wapo watakaonikumbusha Askofu Mkuu Oscar Romero, aliyepigwa risasi altareni San Salvador tarehe 24 Machi 1980, na mchakato wake ukakwama miaka mingi kwa sababu ya waliomshuku kwa siasa. Wana hoja: kule kuchelewesha kulikuwa dhuluma. Lakini Romero alikuwa shahidi, na damu ya shahidi inajieleza. Papa ni kiongozi aliyeteua maaskofu kwa maelfu, na matunda ya uteuzi wake huchelewa kujulikana.

Nampenda Yohane Paulo II. Septemba 1990 alikuja kututembelea Watanzania, akafika hata Mwanza. Alifariki Aprili 2005, akasamehewa ile miaka 5 mwezi uliofuata, akawa mtakatifu 2014. Novemba 2020 Vatikano yenyewe ikatoa ripoti kuhusu Theodore McCarrick, aliyekuwa kardinali wa Marekani akavuliwa upadre kwa unyanyasaji wa kingono, ikionyesha kwamba Yohane Paulo II alimteua kuwa Askofu Mkuu wa Washington mwaka 2000 ingawa Kardinali O'Connor wa New York alikuwa ameonya kwa barua. Ripoti hiyo haimwondolei utakatifu. Lakini waliodhulumiwa walistahili isomwe kabla, si baada. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Pio XII, papa wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia: hatua ya kutambua fadhila zake za kishujaa ilipitishwa Desemba 2009, wakati kumbukumbu za upapa wake zilifunguliwa kwa watafiti Machi 2020.

Kwetu hali ni tofauti sana. Sista Anuarite Nengapeta wa Kongo, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akitetea nadhiri yake, alitangazwa mwenyeheri Kinshasa Agosti 1985. Hadi leo anangoja, akihitaji muujiza mmoja tu. Yohane Paulo II alitoka mwenyeheri hadi mtakatifu kwa miaka mitatu. Kuthibitisha muujiza kunataka madaktari, vyeti vya hospitali na fedha, na jimbo maskini lililopitia vita haliwezi kushindana na ofisi zilizo hatua chache kutoka kaburi la Petro. Hata mchakato wa Mwalimu Nyerere, uliofunguliwa mwaka 2005, wenzangu wananung'unika kwamba unakwenda polepole. Mimi sinung'uniki. Alikuwa mtawala, kuna waliofungwa na waliohamishwa vijijini kwao enzi zake, na hao nao wasikilizwe bila haraka.

Nawaomba maaskofu wetu wa TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania) na wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki) wapeleke jambo hili Roma: mapapa wasubiriwe miaka 50, na nguvu itakayookolewa ipelekwe kwa akina Anuarite. Kwa utaratibu huo, mchakato wa Benedikto ungefunguliwa mwaka 2072 na wa Fransisko mwaka 2075, na wajukuu zetu wangeamua wakiwa na nyaraka zote mezani.

Mwamini mlei,
Mwanza