Mdogo wangu, nenda ukasomee watoto wachanga

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia umepata nafasi ya kusoma uzamili wa uuguzi wa watoto wachanga na bado unasitasita. Unasema leseni unayo, wodi umezizunguka zote, na mtoto ni mtoto tu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie hadharani, maana wauguzi wengi wanalisema na wakubwa wengi wa hospitali wanaliamini.

Mtu mzima akizidiwa atakwambia kifua kinambana. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasemi, na mara nyingi hata kulia halii. Anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu, na dalili pekee utakayoiona ni kwamba leo ananyonya kivivu kuliko jana, au joto lake limeshuka badala ya kupanda. Ukingoja homa ndipo ushtuke, umechelewa. Mafunzo yetu ya awali yaliyagusa haya juu juu, kisha tukasonga mbele kwenye mada nyingine.

Chukua suala la damu. Mtoto wa kilo moja ana damu isiyofika mililita 100 mwili mzima. Ukimtoa mililita 5 za vipimo, kwa mtu mzima hiyo ni sawa na kumtoa zaidi ya robo lita kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana muuguzi aliyebobea huandika kila kiasi alichotoa, na hana woga wa kumuuliza daktari kama kipimo cha leo hakiwezi kusubiri.

Au oksijeni, ambayo tumezoea kuiona kama kitu kisichoweza kumdhuru mtu. Katika miaka ya 1940 na 1950 njiti wengi walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi mno, kabla haijajulikana kwamba ikizidi inaharibu mishipa ya damu ya macho yao machanga. Siku hizi njiti aliye kwenye oksijeni kwa kawaida hulengwa kiwango cha oksijeni kwenye damu yake kibaki kati ya asilimia 90 na 95. Chini ya hapo unahatarisha uhai wake, juu ya hapo unahatarisha macho yake, na anayekaa na ile mashine usiku kucha ni wewe. Kwa hiyo kengele ya kiwango cha juu ikilia usiizime tu kwa kuwa inakera.

Halafu kuna kisa ninachokipenda sana. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi msimamizi wa wodi ya njiti, Jean Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wakapate jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano wake ulikuwa umefifia mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Madaktari wakalifuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao. Tiba ya mwanga tunayoitumia leo ilianzia hapo. (Siku hizi ni taa maalumu, si kumwanika mtoto juani.) Aliyeiona ile pembetatu ni mtu aliyeshinda na watoto walewale kila siku, akiwajua ngozi zao.

Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 walifariki duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja, karibu nusu ya vifo vyote vya walio chini ya miaka mitano. Mengi yanayowaokoa yapo mikononi mwa muuguzi: joto, maziwa ya mama, mikono iliyonawa, na kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani linataka njiti akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Kumsaidia mama aliyechoka na mwenye hofu afikishe saa hizo, huku mtoto ana mrija wa kulishia na waya za mashine, kunahitaji ujuzi wa kufundishwa.

Ila usichague kozi kwa jina la chuo. Uliza utakuwa wodini saa ngapi, na nani atasimama pembeni yako unapomweka mtoto kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Kozi ya darasani tupu itakupa cheti, basi.

La pili ni zito zaidi. Kabla hujaondoka, mwajiri wako akuahidi kwa maandishi kwamba ukirudi utabaki wodi ya watoto wachanga. Nimeona wauguzi waliosomea fani hii wakirudi na kupangiwa wodi ya upasuaji wa watu wazima, eti ni zamu ya kuzunguka. Inaniuma kila nikiwakumbuka. Usikubali maneno ya mdomo.

Ukipata fomu nitumie, tuisome pamoja kabla hujatia saini.

Dada yako