Siku sita, umefuma kola tu?

Juzi kaka mmoja mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, alipita dukani kuangalia sweta lake, akakuta kola na mabega. Akanuna. "Mama, siku sita, umefuma kola tu? Na kianzio nimeshalipa!" Si wa kwanza kusema hivyo, basi leo nieleze.

Sweta lisilo na mshono tunalianzia shingoni, kwa sindano ya mviringo, tunazunguka tu. La huyu kaka lilianza na vitanzi 88. Kila mzunguko wa pili naongeza 8, maana mistari ya bega ni minne na kila mmoja unapata viwili. Likifika kwapani, mzunguko mmoja una vitanzi 312! Mkono wangu ni uleule, njia ndiyo imerefuka, na anayechungulia anaona kazi imelala. Hapo vitanzi vya mikono, 62 kila upande, navihifadhi kwenye uzi wa pembeni, naongeza 6 kila kwapa, kiwiliwili kinashuka na 200 hadi kiunoni. Mikono ni ya mwisho.

Mwingine ananiambia turuke kile kipande kidogo cha majaribio ninachofuma kwanza nihesabu vitanzi, eti napoteza uzi. Kwenye sentimita 10 nategemea vitanzi 20. Vikitokea 22 nisijue, sweta la kifua cha sentimita 100 linatoka 91. Hapo ni kufumua lote, na muda wa kufumua haulipwi na mtu.

Ila kinachowaponza zaidi ni kununua uzi kidogo kidogo. Kuna mteja alileta madonge matano, akasema mengine atayaongeza akipata hela. Akayaleta baada ya mwezi, bluu ileile kwa jina, lakini namba ya rangi kwenye karatasi ni nyingine. Usiku huoni kitu. Mchana mkono wa kushoto ukawa kama wa kuazima, wenzake mwaloni wakamcheka mpaka akarudi tuufumue. Alinunua uzi mara tatu, na ufundi wa mkono ule akalipa mara mbili.

Ufundi wangu ni shilingi 60,000, uzi juu yako. Najua mtumba upo, tena wa bei ya chini, sikatazi. Lakini anayevuta nyavu usiku kucha ziwani anajua mshono wa kwapani unavyokwaruza, halafu unavyoachia. Hili halina mshono ubavuni, na mkono ukilika kwenye kiwiko nafumulia kutoka kiganjani kupanda juu, naufuma upya bila kugusa mwili wa sweta.

Shida nyingine ni mbalamwezi. Mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, nanyi wavuvi mnakuja wote kwa mkupuo mkitaka masweta kabla giza halijaingia. Haiwezekani. Nina mawili sindanoni. Anayetaka la giza la mwezi ujao aje sasa, na uzi wote, na aje mwenyewe: vipimo vya kutumiwa kwa simu sipokei tena. Likifika kwapani nitamwita alijaribu.