Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: nyumba ya baba mjini Iringa imepigwa X

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kodi,

Unisamehe kwa kukuandikia hadharani kuhusu nafuu ya kodi kwa sisi tunaokarabati nyumba za zamani. Barua 3 nilizipeleka kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na sijapata hata mstari mmoja wa majibu.

Jumatatu iliyopita walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu. Wakachora X ukutani, pembeni ya mlango wa mninga ambao marehemu baba alikuwa akiupaka mafuta kila Desemba, wakaandika: BOMOA, SIKU 30. Nyumba ni chakavu, wakasema. Ni kweli. Mchwa wamekula kenchi, na kona ya baraza ilianguka kwenye mvua za Machi. Mama yangu ana miaka 84 na analala ghorofani. Mvua ikinyesha usiku napanda na ndoo 3, maana najua kila tone linapodondokea. Lakini ningeitengeneza kwa fedha ipi?

Kodi ya pango ya fremu zangu inakatwa asilimia 10 kabla sijaishika, na makato hayo hayaulizi nimetumia kiasi gani kwenye paa. Tangu 2021 kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, nikinunua umeme. Nikinunua bati na mbao, kuna VAT ya asilimia 18. Nikitaka kuokoa jengo hili la zamani natozwa sawa na anayelibomoa ajenge la vioo.

Na jengo la zamani lina gharama zake. Kuta zetu ni tofali za kuchoma, udongo katikati, lipu ya chokaa juu. Fundi mmoja wa Ipogolo alinionya nisitie saruji, kwa sababu inafungia unyevu ndani. Sikuwa na uwezo wa kungoja, nikaitia upande wa nyuma. Leo ukigonga pale unasikia uwazi, chumvi nyeupe imetoka kama unga, na lipu ikibanduka inaondoka na uso wa tofali. Kazi ya chokaa inataka siku nyingi na fundi anayeijua.

Mheshimiwa, Marekani walianza kutoa nafuu ya kodi kwa ukarabati wa majengo ya kihistoria mwaka 1976. Leo mwenye jengo la kihistoria la biashara au la kupangisha akilikarabati kwa viwango vilivyowekwa, asilimia 20 ya gharama inapunguzwa kwenye kodi yenyewe anayodaiwa, kwa miaka 5. Ukitumia milioni 100, unapunguziwa milioni 4 kila mwaka. Ukiliuza kabla ya miaka 5 kwisha, unarudisha sehemu. Kazi isipokamilika, hupati kitu. Serikali inapoteza nini hapo?

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja, bila tangazo, majengo ya kabla ya 1863. Wajerumani waliuanzisha mji huu baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka mwaka 1894! Basi mjini Iringa hakuna nyumba inayofikia umri huo, na hailindwi mpaka itangazwe. Boma la Wajerumani hapa mjini lilipata fedha za Umoja wa Ulaya, na tangu 2016 ni makumbusho, nami nalifurahia. Sisi wenye nyumba tumfuate mfadhili gani?

Mwaka juzi kiongozi mmoja alituahidi kwenye kikao kwamba nafuu hii itaingia kwenye bajeti. Maneno yake niliyaandika daftarini, na tarehe. Bajeti 2 zimesomwa Dodoma tangu hapo, nimezisikiliza redioni mwanzo hadi mwisho. Kimya. Wakati huohuo yuko mtu anayetaka kiwanja changu, amekuja mara 3, na siamini kwamba ile X ilikuja yenyewe.

Siombi msaada. Naomba nitakachotumia kwenye paa na kuta kipunguzwe kwenye kodi yangu. Na kama hilo linangoja bajeti ya Juni, naomba X ifutwe kwanza. Siku zimebaki 24, na Novemba mvua zinaanza. Ifutwe, Mheshimiwa, nami nitapandisha mafundi juu ya paa kesho yake.

Mwenye nyumba, Iringa mjini