Kosa la mchezaji lisigharimu uhai

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa usalama katika luji, mchezo wa kuteleza barafuni kwa kulala chali, miguu mbele, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 140 kwa saa. Februari 12, 2010, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21, alirushwa nje ya njia mazoezini huko Whistler, Kanada, akagonga nguzo ya chuma isiyozungushiwa hata godoro. Akafariki.

Wakuu wa mchezo walisema alikosea kwenye kona. Haya, mbona basi ukuta uliinuliwa na mahali pa kuanzia pakashushwa baada ya msiba? Mazoezini watu hukosea. Mashirikisho yaweke kikomo cha kasi njia ikiwa bado kwenye michoro, na wakaguzi wasiolipwa na waandaaji wapewe mamlaka ya kuifunga.

Mpenzi wa michezo